Sufuria Iwe ya Mwisho

Kitu cha kwanza nilichonunua nilipoamua kupika bia nyumbani kilikuwa sufuria ya lita 50. Ya chuma kisichoshika kutu, nzito, yenye koki chini na kipimajoto cha mshale kimebandikwa mbele kama jicho. Niliibeba mwenyewe hadi jikoni, nikaitua juu ya jiko, nikarudi nyuma hatua mbili kuitazama. Ilikuwa imefunika jiko lote. Siku ya kupika nikaijaza maji lita 30, nikawasha moto, nikakaa kusubiri. Baada ya saa moja maji yalikuwa ya kuogea. Baada ya saa tatu yalianza kutetemeka pembeni, lakini kule kuchemka kwa kutibuka kunakotakiwa hakukuja kabisa. Jiko la nyumbani halina nguvu hiyo, na hilo lingejulikana kwa hesabu ya dakika mbili kama ningeipiga kabla ya kutoa hela.

Tatizo kubwa hata hivyo halikuwa jiko. Sufuria ilikuwa imekula zaidi ya nusu ya bajeti yangu, kwa hiyo vingine vyote nilivinunua kwa kubana. Ndoo ya kuchachushia nikachukua iliyokwisha kutumika. Kipimajoto nikachukua kilicho rahisi kuliko vyote. Dawa ya kuua vijidudu sikununua. Nilijiambia sabuni ya vyombo na maji ya moto vinatosha. Wahenga walisema rahisi huvunja upishi, nami niliuvunja upishi mara tatu mfululizo kabla ya kuelewa wapi.

Ukitaka kununua vifaa vya bia kwa akili, chora mstari mmoja kichwani: pale moto unapozimwa. Kabla ya hapo, kimea, yaani shayiri iliyochipuzwa na kukaushwa, kimelowa, maji yake matamu yamechujwa, yanachemka kwa saa nzima pamoja na hopsi, maua yanayoipa bia uchungu na harufu. Sufuria ikiwa na kovu, mwiko ukiwa wa zamani, mfuko wa kuchujia ukiwa na doa, yote yanachemshwa humo humo. Yakishapoa, mambo yanageuka. Sasa una ndoo ya maji yenye sukari, vuguvugu, yenye rutuba ya kila namna, na kila kijidudu kilichomo nyumbani kinayataka. Kitu chochote kitakachoyagusa kuanzia saa hiyo hadi chupa inapofungwa ndicho kinachostahili hela yako. Madukani, vitu vinavyong'aa viko upande wa moto. Upande wa baridi ni plastiki, mipira, vizibo na chupa za dawa, havina sura ya kupigia picha.

Nieleze koki ya ile ndoo yangu, maana ndiyo iliyonifundisha. Bia tatu za kwanza zilianza vizuri. Wiki ya kwanza kwenye chupa zilikuwa tamu, wiki ya pili zina ukali kidogo ambao nilijidanganya kuwa ni ladha ya hopsi, wiki ya tatu ni siki. Nililaumu hamira. Nikalaumu maji. Nikafika mahali pa kulaumu vumbi la dirishani. Jumamosi moja nilikuwa naosha ndoo, nikaamua kuifungua koki yake ya plastiki kwa nguvu kuona ilivyo ndani. Ni mirija miwili, mmoja unazunguka ndani ya mwenzake. Nikauvuta ule wa ndani, ukatoka kwa mlio wa kizibo. Kati ya ile mirija kulikuwa na utando wa rangi ya kijivu, umezunguka kama pete, unateleza mkononi kana kwamba konokono amepita hapo. Nikaunusa. Ilikuwa harufu ile ile ya bia zangu.

Aliyeitumia ndoo hiyo kabla yangu hakuwahi kuifungua koki, nami pia sikuwahi. Bia yote, lita kwa lita, ilikuwa inapita juu ya ule utando kwenda kwenye chupa. Na ndani ya ndoo, nilipoielekeza kwenye mwanga, niliona mikwaruzo ya brashi ngumu imepita huku na huku. Mkwaruzo kwenye plastiki ni pango kwa bakteria. Dawa haifiki vizuri chini yake. Niliitupa ndoo pamoja na koki, nikanunua mpya, na bia iliyofuata haikuchacha ikawa siki. Kwa hiyo nikiulizwa kama mtu anunue vifaa vilivyotumika, jibu langu linategemea upande. Sufuria, mizani, kinu cha kusagia kimea, friji kuukuu: nunua, okoa hela. Ndoo, mipira na koki: mpya kila mara, na koki iwe ya kufunguka vipande vyote kwa mkono. Ukiwa dukani, ifungue hapo hapo. Muuzaji akikutazama vibaya, mwache akutazame.

Kuhusu dawa, kuna mambo mawili ambayo wengi huyachanganya kama nilivyoyachanganya mimi. Kusafisha ni kazi moja, kuua vijidudu ni nyingine, na kila kazi ina dawa yake. Kwa kusafisha mimi natumia unga wa sodiamu pakaboneti, ule ule unaopatikana kama kiondoa madoa cha nguo, ili mradi usiwe na manukato. Unauyeyusha kwenye maji ya moto, unaloweka vyombo usiku kucha, asubuhi utando mkavu unatoka wenyewe bila kusugua. Kisha inakuja dawa ya pili, ya kuua. Ninayoipenda ni ile ya asidi ya fosfori ambayo haihitaji kusuuzwa: kiasi kidogo kwenye lita kadhaa za maji, dakika mbili, basi. Inatoa povu jingi na mtu wa mara ya kwanza hushtuka, anataka kulisuuza. Liache. Ukilisuuza kwa maji ya bomba umerudisha ulichokiondoa. Ninayo pia chupa ya kupulizia imejaa dawa hiyo hiyo, nayo imenisaidia kuliko kifaa chochote nilichowahi kununua kwa bei kubwa. Mkono, mkasi, mdomo wa pakiti ya hamira, vyote vinapuliziwa.

Dawa ya klorini ya kufulia nayo inaua, lakini lazima isuuzwe sana, na mabaki yake yakikutana na bia yanatoa ladha ya bendeji za hospitali. Sijawahi kuona mtu aliyeonja ladha hiyo akaisahau. Klorini ya maji ya bomba huleta balaa lile lile. Nyingine huondoka kwa kuchemsha, ila kama mamlaka ya maji hutumia kloramini, mchanganyiko wa klorini na amonia, haiondoki kirahisi; hapo unahitaji vidonge vya metabisalfaiti, na robo ya kidonge hutosha lita 20. Ni kitu cha bei ndogo sana, kitie kwenye kapu.

Kipimajoto ni hadithi ya pili yenye uchungu. Kimea kinapolowekwa kwa saa moja, vimeng'enya vilivyomo ndani yake huvunja wanga kuwa sukari, na joto ndilo linaloamua sukari ya aina gani. Nyuzi 65 hadi 68 ndiyo sehemu ya kukaa. Ukishuka, bia inakuwa kavu na nyepesi. Ukipanda juu ya 70, unapata sukari nyingi ambazo hamira haiwezi kuzila, bia inabaki nzito na tamu. Mimi nilikuwa nasoma 66 kwa uaminifu kabisa, na bado bia zangu zilikuwa zinagoma kumaliza kuchachuka. Siku moja nikakitumbukiza kipimajoto kwenye maji ya barafu: sifuri, safi. Nikakiweka kwenye maji yanayochemka: 93. Hapo si mlimani, ambapo maji huchemka chini ya 100. Ni kipimajoto tu kilichokuwa kinasema uongo kadiri joto linavyopanda, na ile 66 yangu kwa kweli ilikuwa karibu 71. Kwa hiyo, chochote unachonunua, kipime kwa barafu na kwa maji yanayochemka kabla ya kukiamini. Cha dijitali chenye mchomo mrefu kinatosha. Vile vya mshale vinavyokuja vimebandikwa kwenye sufuria ni pambo. Vinapima joto la pale pembeni tu.

Haidromita nunua mbili. Ni kioo chembamba, itavunjika, na itavunjika siku ile ile unayoihitaji. Kazi yake ni kukwambia maji ya kimea yana uzito gani yakilinganishwa na maji matupu, ambayo ni 1.000. Ukianza na 1.050 na ukaishia 1.010, unatoa kimoja kwenye kingine, unazidisha kwa 131, unapata kilevi cha asilimia 5.2 hivi. Lakini mimi siithamini kwa sababu ya kilevi. Naithamini kwa sababu ndiyo inayosema lini bia imemaliza. Kipimo kisipobadilika kwa siku tatu, funga chupa. Kile kifaa kidogo cha plastiki kinachotoa gesi juu ya ndoo hakiwezi kukwambia hilo. Kinaweza kunyamaza kwa sababu mfuniko unavuja, na kinaweza kulia kwa sababu chumba kimepata joto. Kinunue, ni cha lazima, lakini usikifanye nabii.

Vingine navipita haraka. Mpira wa kuhamishia bia, mita mbili, ubadilishwe kila baada ya muda. Kijiti cha kujazia chupa chenye vali mguuni, kitakuokoa na sakafu yenye kunata. Mizani miwili, mmoja wa kilo na mwingine wa gramu. Na kama hujawahi kupika kabisa, anza na lita 10, usianze na 20. Kwa bia ya lita 10 unaloweka kimea kilo 2.5 ndani ya mfuko wa kitambaa kwenye sufuria ile ile, unauinua mfuko, unaendelea kuchemsha. Sufuria ya lita 20 inatosha, na huenda tayari unayo ya kupikia watu wa sherehe.

Tuje kwenye viambato. Hapa nako nina aibu ya kueleza, nitaieleza kwa kifupi: niliwahi kununua shayiri. Si kimea, shayiri, ile iliyokobolewa ya kupikia supu, kwa sababu niliona kila mahali imeandikwa kuwa bia ni shayiri na nikaona ile ya sokoni ni nusu ya bei. Niliipika nyuzi 66 kwa saa moja na nikapata uji. Shayiri haigeuki kuwa kimea mpaka iloweshwe, ichipue, kisha ikaushwe. Ni katika kuchipua ndipo vimeng'enya vinapokuwa tayari. Bila hivyo hakuna kitakachovunja wanga. Uji tuliula.

Kimea cha msingi, kile cheupe, ndicho kinachobeba bia; kilo tano kwa lita 20 zitakupeleka karibu na 1.050. Vile vya karameli na vilivyochomwa ni kama viungo, gramu mia kadhaa. Usinunue kwa jina zuri kwenye mfuko, nunua kwa meno. Omba punje mbili tatu, zitafune. Kimea kizima hukatika kwa mlio kama biskuti, na utamu unakuja mwishoni. Kilichoingia unyevu hutafunika kama kamba, hakina sauti. Kikiwa kimesagwa dukani, kitazame kwenye kiganja: maganda yawe yamepasuka lakini mazima, ndani yake vipande vyeupe, unga uwe kidogo. Unga mtupu utaziba kila kitu. Kilichosagwa kinataka kutumika ndani ya wiki chache. Ambacho hakijasagwa, mahali pakavu na baridi, kinakaa miezi mingi.

Kuna wanaodharau kimea cha shira, kile kilichokwisha kutolewa utamu wake viwandani kikafanywa kizito kama asali, au kikakaushwa kuwa unga. Mimi sikidharau. Kwa anayeanza kinaondoa kazi ya kuloweka na kuchuja, kinamwacha ajifunze usafi na joto la kuchachushia, ambavyo ndivyo vinavyoharibu bia za wengi. Ila shira huzeeka: rangi yake inazidi kuwa nyeusi na ladha inakuwa ya wino. Soma tarehe. Kama hakuna tarehe, chukua cha unga, kinakaa vizuri zaidi.

Hopsi ndiyo sehemu ambayo wauzaji wanaweza kukupiga vizuri sana bila kukudanganya hata neno moja. Niliwahi kununua nusu kilo kwa bei ya kutupa, kwenye mfuko wa plastiki inayoona ndani. Picha ilikuwa ya kijani kibichi. Kilichokuja kilikuwa na rangi ya nyasi za msimu wa kiangazi, na nilipofungua, chumba kikajaa harufu ya jibini na soksi. Nikamwandikia muuzaji, akanijibu kuwa hopsi ni hopsi. Kweli zilikuwa hopsi. Zilikuwa tu zimekaa kwenye mwanga na hewa mpaka mafuta yake yakaisha na asidi zake zikageuka. Tangu siku hiyo sheria yangu ni moja: mfuko wa foili, uliotolewa hewa, wenye mwaka wa mavuno, na dukani uwe umetoka kwenye friji au friza. Nyumbani nao unaingia friza.

Kwenye mfuko huo utafute asilimia ya asidi za alfa, maana ndizo zinazotoa uchungu. Aina ya hopsi iitwayo Saaz huwa na kama 3 hadi 4, ile iitwayo Magnum 12 hadi 14. Ukichukua gramu 30 za Magnum badala ya gramu 30 za Saaz kwa sababu tu maelezo ya mapishi yamesema gramu 30, umezidisha uchungu mara tatu na zaidi. Mapishi yasiyotaja asilimia hiyo usiyafuate. Upande wa pili wa hesabu hiyo ni wa faida kwako: kwa uchungu wa mwanzo wa kuchemsha, hopsi kali kidogo ni nafuu kuliko hopsi dhaifu nyingi. Zile za harufu ya kupendeza ziweke mwishoni, moto ukikaribia kuzimwa.

Sasa hamira. Amri ya Bavaria, huko Ujerumani, ya mwaka 1516 ilisema bia ipikwe kwa shayiri, hopsi na maji, basi, hamira haikutajwa. Kwa zaidi ya miaka mia tatu baadaye wapishi waliendelea kuhamisha masimbi ya ndoo hii kwenda ndoo ile bila kujua yamebeba hamira za aina ngapi, mpaka mwaka 1883 Emil Christian Hansen, kwenye maabara ya kiwanda cha bia cha Carlsberg huko Copenhagen, alipotenga hamira ya aina moja safi na kuikuza peke yake. Kile kipakiti cha gramu 11 unachokikuta kimesahauliwa kwenye rafu kina kazi yote hiyo ndani yake. Ndiyo maana hunikera kukikuta kimewekwa dirishani kwenye jua. Hamira kavu ikae kwenye friji. Ya maji ndiyo inayotaka uangalizi zaidi, kwa sababu chembe zake hufa kadiri wiki zinavyopita. Kama ya maji imesafirishwa siku kadhaa kwenye joto, mimi siilipii.

Halafu, kabla ya kuchagua aina ya hamira, tundika kipimajoto kwenye chumba utakachochachushia na usome kwa siku tatu, mchana na usiku. Hamira nyingi za eli, bia zinazochachushwa kwenye joto la wastani, zinataka nyuzi 18 hadi 22. Za laga, bia zinazochachushwa kwenye baridi, zinataka 8 hadi 13. Na kumbuka bia inayochachuka hujipasha yenyewe, inaweza kuwa nyuzi kadhaa juu ya chumba. Kama chumba chako ni 27, hamira ya laga ni hela ya kutupa mpaka uwe na friji yenye kidhibiti joto. Beseni la maji na chupa za barafu zinazobadilishwa asubuhi na jioni husaidia, mimi nilitumia hivyo mwaka mzima. Au nunua hamira iliyozoea joto: kveik, za mashambani huko Norwei, nyingine huchachusha hata kwenye nyuzi 35 bila kuleta ule ukali wa spiriti unaopasua kichwa kesho yake.

Chupa ni bure ukiwa na marafiki. Ziwe za rangi ya kahawia. Za kijani na zinazoona ndani zinapitisha mwanga, na mwanga ukipiga asidi za hopsi unatoa harufu ya kicheche. Ziwe nene, za kuzibwa kwa kizibo cha bati, si za kuzungusha. Sukari ya kuongeza gesi ni ya kawaida ya nyumbani, gramu 6 hivi kwa lita, iliyopimwa kwa mizani. Niliwahi kupima kwa kijiko. Usiku wa manane chupa mbili zikapasuka kabatini, na mpaka leo kuna kipande cha kioo kwenye mlango wa kabati ambacho sijaweza kukitoa.

Na kabla ya haya yote, uliza sheria ya unakoishi. Hata Marekani kupika bia yako mwenyewe kulikuwa kosa katika sheria ya shirikisho mpaka Rais Carter alipotia saini mwaka 1978, na Uingereza leseni iliondolewa mwaka 1963 tu.

Mwezi uliopita rafiki yangu mmoja aliniomba orodha. Nikamwandikia kwa mpangilio: dawa mbili, ndoo mpya yenye koki ya kufunguka, kipimajoto, haidromita mbili, hamira inayolingana na joto la nyumba yake, kisha vingine. Nikamsisitizia sufuria iwe ya mwisho, aanze na ile ya jikoni. Juzi akanitumia picha, amefurahi kwelikweli. Ni sufuria. Lita 40, inang'aa, ina koki chini na kipimajoto cha mshale mbele. Nikamwuliza, "Dawa umepata?"

"Hiyo nitaitafuta baadaye, ndugu yangu. Hela imekata."